Kuchuja TB Kisumu: maswali manne au tone la damu?

Maswali ni bure. Unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Umepungua uzito? Ila mvuvi wa Dunga aliyezoea kikohozi chake atajibu "hapana", huku mkanda wa suruali yake umetobolewa tundu jipya juzi tu.

Kipimo cha CRP hakimsikilizi. Hiyo ni protini ambayo ini huitoa kwa wingi mwili unapopambana na maambukizi. Anadungwa kidole, jibu linatoka baada ya dakika chache. Tangu 2021 WHO inakipendekeza kwa wanaoishi na VVU, kikomo kikiwa miligramu 5 kwa lita.

Tatizo ni kwamba malaria nayo huipandisha CRP, na huku ziwani malaria haikosekani. Kliniki ya VVU ningeanza na damu, kwingineko, maswali. Atakayenaswa na chochote kati ya hivyo, makohozi yake yapelekwe maabara.