Santuri ya Kwanza ya PFM: Ununue Ipi?

Premiata Forneria Marconi, au PFM, ni bendi ya roki ya Milano, Italia, iliyoundwa mwaka 1970. Albamu zake ni nyingi, na mgeni huweza kumaliza hela kwa zile ambazo zingeweza kusubiri. Mimi nazipanga hivi.

Namba moja ni Per un amico (1972). Ina nyimbo tano tu, na hakuna hata mmoja uliowekwa kujazia nafasi. Anza na "Appena un po'": gita na filimbi vinaingia taratibu, kisha dramu za Franz Di Cioccio zinauamsha wimbo mzima. Mauro Pagani ndiye mwenye filimbi na fidla, na bila yeye bendi hii isingekuwa na ladha ile.

Hapa ndipo wengi hulipa mara mbili. Photos of Ghosts (1973), iliyotolewa na Manticore, lebo ya bendi ya Uingereza Emerson, Lake & Palmer, imebeba nyimbo nyingi zilezile za Per un amico, ila kwa mashairi ya Kiingereza ya Pete Sinfield. Chukua ya Kiitaliano hata kama huelewi neno. Waimbaji hawa wametulia zaidi katika lugha yao. The World Became the World nayo ni L'isola di niente (1974) kwa Kiingereza.

Ya pili ni Storia di un minuto (1972). "Impressioni di settembre" peke yake inatosha kukufanya ufungue pochi: kiitikio chake hakina maneno, kinapigwa kwa kinanda cha kielektroniki cha Moog, na kinasisimua kuliko sauti ya mtu.

Ya tatu, kwa anayependa mashairi, ni rekodi ya onyesho la mwaka 1979 la Fabrizio De André, mwimbaji na mtunzi wa Italia, akisindikizwa na PFM. Ya nne ni L'isola di niente, ambayo besi yake inapigwa na Patrick Djivas, aliyetoka bendi ya Area. Chocolate Kings (1975) na Jet Lag (1977) ziache kwanza.

Matoleo ya awali yenye nembo ya Numero Uno, lebo ya Italia, husakwa na wakusanyaji, hivyo bei yake iko juu. Kwa kusikiliza nyumbani, toleo jipya au CD inatosha. Ukinunua santuri ya mtumba, itoe kwenye jalada, iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo, na uombe ipigwe kabla hujalipa. Sehemu za gita pekee zina sauti ndogo mno; mkwaruzo mdogo tu utausikia.