Anki: programu ya kadi inayopanga marudio vizuri, ila umakini inakuachia wewe

Kwa wanafunzi wa tiba, uuguzi na famasia wanaotaka kubaki na walichosoma hata baada ya mtihani kupita, Anki ndiyo programu ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote. Ilibuniwa na Damien Elmes na kutolewa mwaka 2006, na kazi yake ni moja: inakuonyesha kadi yenye swali, inakusubiri ulitafute jibu kichwani, kisha, kwa kadiri ulivyolipata, inapanga siku ambayo kadi hiyo itarudi.

Mpangilio huo una mizizi mirefu katika saikolojia. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, ambaye alijifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutoweka katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huzaa matunda kuliko yaliyorundikwa siku moja. Anki inaitii kanuni hiyo: kadi uliyoipata leo hurudi kesho, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, hatimaye miezi. Hesabu yake ya awali ilitokana na ile ya Piotr Woźniak wa Polandi ya mwaka 1987, lakini tangu 2023 imo pia hesabu mpya iitwayo FSRS, ambayo huyasoma majibu yako mwenyewe ili kadi ikufikie wakati uwezekano wa kuikumbuka ungali asilimia 90 hivi. Nashauri uiwashe mapema.

Faida nyingine, ambayo naiona kubwa zaidi, ni kwamba programu hii haikuruhusu kusoma tu. Katika jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke lililochapishwa mwaka 2006, wanafunzi waliosoma kifungu katika awamu nne mfululizo walikuwa mbele dakika 5 baadaye. Baada ya wiki moja, hata hivyo, walikumbuka kama asilimia 40, ilhali wale waliosoma awamu moja na kujipima mara tatu walikumbuka kama asilimia 61. Kupitia daftari tena na tena kwa kalamu ya rangi humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo huwaangusha wengi.

Udhaifu wa Anki unaanzia pale umakini unapohitajika, kwa sababu programu haiwezi kujua kama kweli umefikiri au umebonyeza tu. Chukua kadi inayosema, "Eleza matibabu ya malaria kali," yenye mistari saba nyuma yake. Baada ya siku chache jicho linaitambua kadi kwa umbo lake, kidole kinabonyeza kitufe cha kwamba umeipata, na dozi yenyewe haipo kichwani. Isitoshe, kumbukumbu tendaji, ile inayoshikilia tunachokifikiria sasa hivi, ni finyu: Nelson Cowan aliikadiria mwaka 2001 kuwa ni mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Sasa ivunje kadi hiyo. Moja iulize, "Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 hupewa miligramu ngapi za artesunate kwa kila kilo?" Jibu ni 3. Nyingine iulize kuhusu mwenye kilo 20 au zaidi. Jibu ni 2.4. Ya tatu iulize saa za dozi za mwanzo: 0, 12 na 24. Hapo hakuna pa kujificha, na ukikosea unajua hasa ulichokosea.

Kuhusu gharama, kwenye kompyuta na simu za Android ni bure. Wenye iPhone hulipa mara moja takriban dola 25. Sura yake ni kavu na mipangilio yake ni mingi mno kwa mgeni, lakini inafanya kazi bila intaneti, jambo lenye uzito kwa yeyote anayenunua bando.

Mipangilio miwili ningeibadilisha siku ya kwanza. Kadi mpya 20 kwa siku, kama inavyokuja, ni nyingi, kwa kuwa kila moja hudai marudio kwa wiki zinazofuata; 10 zinatosha. Pia kadi mpya huja zikiwa zimechanganywa na za zamani, nami huzitenganisha. Fergus Craik na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba kuugawa umakini wakati wa kujifunza huidhuru kumbukumbu kuliko kuugawa wakati wa kukumbuka. Kwa hiyo marudio nayafanya hata ndani ya daladala, lakini kadi mpya nazifungua nikiwa mezani, data ya simu ikiwa imezimwa.