Jiko banifu la sokoni Mbuyuni: gonga udongo kabla ya kulipa

Rangi isikudanganye. Majiko banifu ya mkaa yanayouzwa Moshi, kwenye soko la Mbuyuni na kwenye maduka ya vyombo, hupakwa rangi yakang'aa, na mnunuzi huishia kukagua bati. Bati ni nguo tu. Kinachopunguza mkaa ni kikombe cha udongo kilichokaa juu ya kiuno cha jiko, na kama hakikuiva vizuri, umenunua jiko la bati tupu kwa bei ya juu.

Umbo lenyewe halina kasoro. Lilianzia Kenya miaka ya 1980, mafundi walipounganisha jiko la ndoo la Thailand na jiko la bati la kwetu. Bati tupu hupoteza moto mwingi ubavuni, ndiyo maana ukikaa karibu nalo miguu inaungua. Udongo unaushika ule moto na kuurudisha kwenye sufuria.

Ukaguzi wa sokoni hauchukui dakika tano. Gonga ukingo wa kikombe kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama bakuli la kaure, kimeiva. Sauti ikiwa imekufa, kina ufa au kilitolewa tanuruni mapema. Kikwaruze kwa ukucha: unga mwekundu ukibaki kidoleni, kiache hapohapo. Kisha inua jiko, fungua mlango wa majivu na utazame juu kupitia matundu. Kila tundu lionyeshe mwanga. Mara nyingine saruji humwagika wakati wa kujengea ikaziba mawili matatu. Hapo hewa inapungua, mkaa unashika kwa shida, mpishi anapepea wee, mwisho anaongeza mkaa mwingine. Mwishowe litikise. Kikombe kikicheza, ujazo wa kati ya udongo na bati ni hafifu, na mwiko wa ugali utakimaliza.

Akiba ipo, ila isitiwe chumvi. Wauzaji husema nusu. Kwa mapishi ya nyumbani theluthi moja ni hesabu salama zaidi. Chukua nyumba inayochoma kilo 2 kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi: theluthi ni kilo 20. Tanuru la kienyeji la kufukia kwa udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo hizo 20 ni kilo 100 hadi 200 za mti ambao haukukatwa, kwa mwezi, kwa nyumba moja. Mgunga haukui kwa kasi hiyo. Wala Kilimanjaro si pa kukimbilia kukata miti: msitu wake uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Hesabu hiyo huvunjikia jikoni. Kikombe kikubwa kinakaribisha kujazwa hadi mdomoni hata kwa chai, na mkaa ukigusa kitako cha sufuria hewa haipiti. Acha pengo la kidole kimoja. Vunja mkaa vipande vya ukubwa wa yai. Kiburu (ndizi na maharage) au makande yakishachemka, funga mlango wa chini ubaki upenyo mdogo, funika sufuria, usiongeze kitu. Asiyeugusa mlango huo anapoteza sehemu kubwa ya faida aliyolipia.

Jiko jipya lianike juani siku mbili tatu, kisha liwashe kwa mkaa kidogo, kama nusu kilo, uzime wenyewe. Unyevu uliobaki ukikutana na moto mkali siku ya kwanza, udongo unapasuka. Kosa kubwa kuliko yote ni kulizimia kwa maji. Hamishia makaa kwenye debe lenye mfuniko; yatazima kwa kukosa hewa na kesho yanawaka tena. Ufa mwembamba wa ubavuni si kifo cha jiko. Sakafu yenye matundu ikikatika makaa yakadondoka, hapo mpelekee fundi aweke kikombe kipya kwenye bati lilelile, maana bati zima halina sababu ya kutupwa.

Udhaifu wake: ni zito, linachelewa kupata moto, na kwa chai ya haraka gesi inalishinda mbali. Vishikio vitatu vya sufuria navyo hulegea mapema. Kwa maharage ya saa tatu, lina thamani ya pesa yake likipita ule mtihani wa kugonga.

Juni na Julai, Arusha na Moshi zikiingia baridi, usiliingize chumbani kuota moto. Udongo haupunguzi sumu ya mkaa, na hatari ni kubwa pale makaa yanapokuwa mekundu bila moshi, kwa sababu hakuna harufu ya kukuamsha.