Majaketi okozi mawili: la dukani na la mitumba ya Memorial

Nanunua perege bwawa la Nyumba ya Mungu, nauza Moshi mjini. Kila wiki navuka kwa mtumbwi wa mbao kwenda upande wa Simanjiro, na kuogelea sijui hata kidogo. Zamani nilikuwa najipa moyo kwamba tunapita karibu na nchi kavu. Kisha kivuko cha MV Nyerere kikapinduka Ziwa Victoria mwaka 2018 kikiwa kimeshaikaribia gati ya kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Tangu hapo kila nikipanda mtumbwi tumbo linanikata, lakini hela ya jaketi nimeitoa mwaka huu tu.

La kwanza nilinunua jipya, kwenye duka moja hapa mjini ambalo silitaji, shilingi 35,000. Rangi ya chungwa inawaka, ila halina kibandiko chochote ndani. La pili nililikuta soko la mitumba la Memorial, chini ya rundo la makoti ya mvua. Muuzaji alianzia 25,000, tukavutana mpaka 15,000. Limepauka, lakini kibandiko kinasomeka: 100, na uzito wa mvaaji. Hiyo 100 ni nyutoni, yaani nguvu ya kuelea. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu. La 100 limetengenezwa limgeuze mtu alale chali, uso juu. Kwa sababu ni mtumba nilibonyeza sponji kila kona nione kama inarudi, nikavuta mikanda kwa nguvu zote. Muuzaji akacheka: "Mama, unanunua jaketi au unapima ng'ombe?"

Nikayapeleka yote mawili kwenye bwawa la kuogelea, nikaingia na dera langu, maana mtumbwini sivai nguo za kuogelea. Mpwa wangu alisimama pembeni. La dukani lilipanda mpaka masikioni, mimi nikabaki chini yake kama kobe; kifungo cha kifuani kikaachia, nikanywa maji, mpwa akanidaka. La Memorial lina mkanda wa kupita katikati ya miguu. Unaudhi, na ukivaa dera ni kazi kuufunga, lakini ndio uliozuia jaketi lisipande. Nikajilegeza kama gunia, likanigeuza taratibu, nikaona mawingu. Wanaokwenda kununua: vaa, funga, mwambie mtu akunyanyue kwa mabega ya jaketi. Likikufika puani, rudisha.

Sasa, hilo la Memorial lilinipa kiburi pia. Jumanne moja saa nane mchana tulikuwa Simanjiro na ndoo sita za perege, barafu inayeyuka. Upepo ulikuwa umeamka, katikati ya bwawa mawimbi yana povu jeupe. Nikamwambia nahodha twende, mimi nimevaa. Akainama, akaweka kiganja ubavuni mwa mtumbwi. Ubao uliobaki juu ya maji haukufika shubiri.

"Mama, hilo jaketi umevaa wewe. Mtumbwi haujavaa."

Nikanuna. Nikamtajia bei ya barafu, nikamtajia wateja wangu, akaendelea kushusha ndoo. Jua likazama upepo haujatulia, tukalala kwenye kibanda cha wavuvi, mbu tele. Saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa yametulia kabisa, tukavuka kwa safari mbili. Ndoo mbili niliuza kwa bei ya kutupa. Ninaendelea kupanda mtumbwi wake, na nauli nimemwongezea bila kuombwa.

Jaketi la Memorial nalipa nyota nne. Moja nimekata kwa kuwa halikuja na filimbi; nimefunga ya mwalimu wa michezo kwa kamba ya kiatu. La dukani nimekwenda kulirudisha, nikaambiwa limeshalowa. Nalikalia juu ya ndoo, na kwa kazi hiyo ni zuri.