Uzoefu wangu na boti ya abiria ya Mokowe: chenji yangu imebaki baharini

Naanza kwa kusema kwamba sitapanda tena boti ile, na msomaji anayeijua Lamu ataanza kucheka hapo hapo, kwa sababu kati ya Mokowe, iliyoko bara, na kisiwa hakuna daraja, na hata tajiri anayekuja kwa ndege hutua kisiwa jirani cha Manda na bado akalazimika kukunja suruali apande chombo kama sisi wengine. Basi tuseme hivi: sitapanda tena boti ile kwa hiari yangu. Jina lake sitalitaja, kwani ugomvi wangu ni wa kijana mmoja mkusanya nauli na si wa wenye chombo, ingawa kuna saa za usiku ambapo nawalaumu wote, kuanzia nahodha hadi seremala aliyechonga mabenchi.

Nauli, saa za kuondoka na aina ya mashine sitaviandika. Anayetaka kuvijua na aulize jetini, pale boti zinapofunga. Ninachotaka kukieleza ni ule muda, usiofika hata saa moja, ambao watu wasiojuana huketishwa goti kwa goti bila ya pa kutazama isipokuwa machoni mwa mwenzako au majini. Mimi si mgeni wa mambo hayo. Nilisoma Cairo kwa miaka kadhaa, na karibu kila siku nilipanda treni ya chini ya ardhi, ile iliyoanza mwaka 1987 ikawa ya kwanza barani Afrika. Wiki yangu ya kwanza nilijitosa kwa kutojua katika mojawapo ya mabehewa ya katikati, ambayo yametengewa wanawake, na milango ikafungwa nyuma yangu. Bibi mmoja aliyebeba mafungu ya mboga akaniita mwanangu kwa Kiarabu, akanishika mkono wa shati, na kituo kilichofuata akanitoa nje kana kwamba ananipeleka chuoni siku ya kwanza. Behewa zima lilicheka, na hakuna aliyenitusi. Nakitaja kisa hicho ili ijulikane kwamba nimewahi kukosea mbele ya umati, na najua kuwa mtu anaweza kusahihishwa bila ya kuvuliwa nguo.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa baada ya Idi na kabla ya shule kufunguliwa. Nilikuwa nimetoka Malindi kwa basi, na mwenye kuijua njia ya Garsen na Witu anajua ni mara ngapi abiria huteremshwa, wakapanga foleni, wakaonyesha vitambulisho na kupanda tena, kwa hivyo sitadai kwamba nilifika Mokowe nikiwa na moyo wa malaika. Begani nilikuwa na mfuko wa kitambaa wenye karatasi za mtihani za darasa zima, nusu nimezisahihisha na nusu bado. Maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilielea chini kabisa, na zile ngazi za mwisho za jeti, ambazo muda mwingi huwa zimefunikwa na bahari, zilikuwa zimevaa mwani na makombe makali. Mtu huteremka pale kwa kunyata, kiganja ukutani, akiomba Mungu viatu visimsaliti.

Mbele yangu alikuwa mzee wa rika la marehemu babu yangu, kofia ya vito kichwani na kikoi kiunoni, amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa leso. Gurudumu lilichomoza upande mmoja wa fundo, nikajua kwamba ni kichwa cha cherehani. Mkusanya nauli alisimama mguu mmoja kwenye ngazi na mmoja kwenye ubavu wa boti. Hakumpa mzee mkono. Alimtazama, akautazama mzigo, akasema kwa sauti ya kusikiwa na watu waliokuwa juu ya jeti: "Mzee, hicho nacho ni abiria. Kilipie nauli yake, au kibaki hapo kingoje boti ya mkaa."

Watu wawili watatu walicheka. Mzee akajibu, "Kitaketi wapi, mwanangu, nacho hakina makalio?" Nami niliyachukua maneno hayo kuwa ni ya mtu aliyefedheheka anayejaribu kuificha fedheha yake. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini.

Tukaketi. Kwa haki niseme kwamba majaketi ya kuokoa maisha tuligawiwa, kila mtu lake, isipokuwa langu lilikuwa na kamba moja badala ya tatu na lilinuka ng'onda. Nikatoa noti ya shilingi 1,000, sikuwa na nyingine, na kijana akaichukua bila ya kunitazama akasema, "Chenji ng'ambo." Maneno mawili. Hakuna bwana wala samahani, wala hata ule uso wa kuomba radhi ambao makanga wa matatu za Malindi huutoa anapokufanyia uovu huo huo. Nikanyamaza. Nimefundisha miaka mingi na najua kwamba ghadhabu ya kwanza huhitaji kuhesabiwa hadi kumi.

Nilifika sita. Tulikuwa tumeshatoka jetini pale kijana aliporudi kwa mzee, wakasemezana kwa sauti ya chini, kisha akalishika fundo la leso kwa mkono mmoja na kulikokota hadi omoni. Leso ililegea, gurudumu likakwaruza ubao kwa mlio ambao hata sasa naandika naona meno yananifa ganzi. Leso ile ilikuwa mpya, bado inang'aa kwa wanga wa dukani. Hapo nikafanya jambo ambalo mwenye akili hafanyi ndani ya boti: nikasimama. Nikamwambia kijana yule kwamba mzee huyu angeweza kuwa babu yake, kwamba bahari haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kuwadharau wakubwa, kwamba mzigo wa mtu ni amana tangu unapokabidhiwa hadi unapofika, na kwamba chombo kinachobeba watu kwa dharau heri kingebeba boriti za mikoko. Nilisema mengi. Baadhi yake yalikuwa na mpangilio mzuri, ingawa ni mimi ninayesema.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akautazama mfuko wangu wa karatasi, akasema, "Mwalimu, keti. Kengele haijalia."

Boti nzima ilikufa kwa kicheko. Nahodha alicheka akiwa ameshika usukani, na mtoto aliyekuwa mapajani mwa mama yake, ambaye nina hakika hajawahi kusoma hata chekechea, naye akacheka. Nami nikiwa bado nimesimama, natafuta jibu la kumkata maini, upepo wa kusi ukainua wimbi dogo lisilo na maana yoyote, likaruka ubavu na kuniloesha kuanzia kifuani hadi kwenye mfuko wa mtihani.

Hapa ndipo nyota ya pili kati ya nilizoipa safari hii ilipotoka, na haina uhusiano wowote na wenye boti. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2017 sote tunabeba hivi vitambaa ambavyo hunywa maji kama sifongo, na nilikuwa nazitazama alama za wanafunzi zikianza kuchuruzika wino mwekundu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi mkabala nami, ambaye tangu Mokowe hakuwa amefungua kinywa, aliingiza mkono ndani ya buibui, akatoa mfuko mweusi wa plastiki uliokunjwa mpaka ukawa mdogo kama kiberiti, akaukunjua taratibu kwa ncha za vidole kama anayefungua hirizi, na kunikabidhi. Hakucheka wala hakunipa pole. Alishika kingo mbili, nami nikashika mbili, tukazitumbukiza karatasi fungu kwa fungu huku boti ikiyumba, na kila fungu alilipangusa kwanza kwa upindo wa leso yake. Kazi hiyo ilitushughulisha mpaka nyumba za Amu, yaani mji wa Lamu, zikaanza kuonekana wazi, na katika muda wote huo hatukuulizana hata majina.

Nikadhani angalau mzee atanishukuru. Nikamsogelea, nikamwambia asijali, vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Akanigeukia uso uliokunjamana kwa ghadhabu, na ghadhabu yenyewe ilikuwa juu yangu mimi.

"Mwalimu, nani alokutuma?" akaniuliza kwa Kiamu, ambacho husema yeo kwa leo. "Mimi na yeye tulikuwa twapatana. Nilishamfikisha nusu, na yeo angenivusha kwa nusu. Sasa umemtia haya mbele za watu, ametaka yote, nami nimelipa yote."

Nilijaribu kueleza. Akageuza kofia yake ikanipa kisogo, na hakusema nami tena.

Nakiri kwamba kwa dakika chache nilimchukia mzee yule kuliko nilivyomchukia kijana. Kisha nikaanza kuyarudia maneno yao moja baada ya jingine, ile kauli ya abiria na lile jibu la makalio, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimezaliwa Langoni, mtaa wa Amu, na nikakulia humo kabla ya ualimu kunipeleka Malindi, nilipaswa kuutambua utani huo ungali mbali, kama mtu anavyotambua harufu ya halua kabla hajafika dukani. Huenda boti ile haina kosa. Huenda ni mimi niliyekaa mno mahali ambapo bei imebandikwa ukutani. Nilikuwa tayari kabisa kuandika nyota tatu.

Lakini leso je? Utani gani huo unaoburuta leso mpya ya watu ubaoni? Na chenji yangu? Tulipofunga Amu kijana alikuwa wa kwanza kurukia ngazini, na nilichokiona kikaniongezea donda: alikibeba kile kichwa cha cherehani begani mwake, akampa mzee mkono ule alioninyima raha kwa kutoutoa kule Mokowe, wakapanda ngazi wakiongea kama mtu na mjomba wake, wakapita katikati ya wachukuzi na punda waliokuwa wakipakiwa saruji, wakapotea. Nikabaki pale juu nikiwangoja, kwanza wote wawili, kisha kijana peke yake, kisha shilingi zangu peke yake. Nahodha nilipomuuliza alisema kwamba mambo ya pesa ni ya kijana. Kijana nilipomuulizia kwa wachukuzi, mmoja alisema amekwenda kuswali na mwingine akasema amekwenda kula, na kwa mwendo ule alioondoka nao naamini la pili.

Mama wa mfuko alikuwa amesimama kando yangu muda huo wote, nami nikafikiri kwamba ananihurumia. Nilipomgeukia alinyoosha mkono kwa adabu. "Mwanangu," akasema, "mfuko wangu. Siku hizi haipatikani."

Nikazitoa karatasi pale pale, fungu kwa fungu, nikamrudishia. Aliukung'uta, akaukunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ukarudi kuwa kiberiti, akaurudisha ndani ya buibui na kwenda zake. Nilipita uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome nikiwa nimezikumbatia karatasi mbichi kifuani kama yule mzee alivyokumbatia cherehani yake, na watu wakanisalimu kwa heshima zote.

Nyota nimeziacha mbili. Nilifuta moja, nikairudisha, nikaifuta tena, na anayesoma sasa huenda akakuta nimeibadilisha, kwa sababu hadithi haikuishia hapo. Siku ya kurudi Malindi nilishuka gatini alfajiri na mapema ili niwahi basi, nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno ya kudai haki yangu, mafupi safari hii, na nikiwa nimeapa kuingoja boti nyingine yoyote. Iliyokuwa ikiondoka ilikuwa ile ile. Maji yalikuwa yamejaa, ukingo wa boti ukilingana na ngazi ya juu, na kijana akaninyoshea mkono kunipokea kabla sijauomba.

"Mwalimu," akasema, "yeo umekuja na noti ndogo?"

Abiria ambao hata hawakuwako siku ile wakacheka, nami, kabla sijaweza kujizuia, nikacheka nao. Nikamlipa nauli kamili, kwa sarafu, akashukuru. Tulikuwa tumeshafika Mokowe, na nimeshaketi ndani ya basi dirishani, nilipokumbuka kwamba sikuidai chenji.