Chakula cha harusi: keterini au mpishi wa kukodi?

Kwa wachumba wa Dar es Salaam wenye wageni 150 na michango isiyotosha, chakula ndipo pa kuamua mapema.

Keterini, yaani kampuni ya huduma ya chakula, hutoza kwa kichwa (kwa kila mgeni), huku vyombo, wahudumu na meza ya chakula vikiwa juu yake. Hamsumbuki. Lakini someni mkataba: vinywaji na usafiri mara nyingi viko nje ya bei, na idadi mkishaithibitisha mtailipia hata wageni 40 wasipotokea.

Mpishi hulipwa ujira tu. Mahitaji mnanunua wenyewe. Kwa pilau, kilo 1 ya mchele hutosha watu 7 au 8, basi nunueni kilo 20 za mchele na 20 za nyama. Msikubali vyote viingie sufuria moja: chini huungua, juu hubaki kiini. Yawe masufuria mawili ya kilo 10, maji yakikauka mpalie makaa juu ya mfuniko. Kachumbari itiwe chumvi na ndimu dakika za mwisho, la sivyo hujaa maji. Na nyama igawiwe na mtu mmoja mwenye msimamo. Wageni wakijipakulia, meza za nyuma hupata wali mtupu.

Sherehe ikiwa nyumbani chini ya turubai, chukueni mpishi bila kusita. Ikiwa ukumbini, ulizeni kwanza: baadhi ya kumbi hutoza ada kwa chakula cha kutoka nje, na ada hiyo yaweza kumeza mlichookoa.