AnkiDroid kwa wanaosoma Kijapani cha kati: maoni yangu

Kijapani cha mwaka wa kwanza kinatubeba sisi tuliokulia kwenye Kiswahili. Irabu ni tano zilezile, silabi nyingi zinaishia na irabu, na hiragana na katakana, zile herufi za silabi, ukikomaa nazo zinakaa kichwani. Kasheshe inaanza mwaka wa pili. Kitabu kinaacha kukuandikia matamshi juu ya kila kanji, yaani zile herufi zenye asili ya Kichina, Sensei (mwalimu) anaongeza mwendo, na darasa lililokuwa linagombaniwa viti linabaki na watu wa kuhesabu. Wengi wa tuliobaki tunatumia AnkiDroid, kwa hiyo naiandikia kama mtu anayesoma chuo hapa Dar, mwenye simu ya Android ya kawaida na bando la kuungaunga.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni programu ya kadi. Mbele swali, nyuma jibu. Ukishafunua jibu unajipima mwenyewe kwa vitufe vinne: nimesahau, ngumu, sawa, rahisi. Uliyoisahau inarudi baada ya dakika chache, uliyoipata inasogezwa mbele siku kadhaa, baadaye wiki, baadaye miezi. Anki ya kompyuta ipo tangu 2006. Hii ya Android inatengenezwa na watu wanaojitolea, ni ya bure na haina matangazo. Ukishaipakua na kadi zako zikiwemo, inafanya kazi bila intaneti. Hilo kwangu ni nusu ya maksi, maana kadi zangu nyingi nazimaliza nimesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara, mkono mmoja bombani, mwingine kwenye simu.

Sasa tuje kwenye kadi zenyewe, maana humo ndimo programu hii inapokufaa au kukupotezea muda. Chukua 待 na 持. Zote zina 寺 upande wa kulia, na ukiangalia harakaharaka ni pacha. Ya kwanza ni kusubiri, ya pili ni kushika au kuwa na kitu, na kinachozitenga ni kile kipande cha kushoto: 持 ina alama ya mkono. Ukitengeneza kadi ya kanji moja mojamoja, leo utapata, kesho utachanganya, na 時 na 特 nazo zikiingia hapo ni vurugu. Ukiandika sentensi nzima, バスを待っています, nasubiri basi, na かばんを持っています, nina begi, basi lenyewe linakukumbusha. Ushauri wangu kwa yeyote wa kiwango cha kati ni huo: kadi ziwe za sentensi, na sentensi ziwe ulizokutana nazo wewe.

Na Dar hukosi pa kukutana nazo. Ukipanda IST au Passo iliyoingia juzi kutoka Japani, dereva akiwasha gari kuna dada anaongea kwa adabu kabisa: ETCカードが挿入されていません. Yaani kadi ya ETC, ya kulipia barabara za haraka za kule kwao, haijaingizwa. Kwa dereva wa Sinza hizo ni kelele za gari. Kwangu hapo kuna kauli ya kutendwa, kuna ile 〜ている ya hali inayobaki baada ya tendo, na kuna ukanushi, vyote kwenye pumzi moja. AnkiDroid inakuruhusu kurekodi sauti ukiwa unatengeneza kadi, kwa hiyo nikamwomba dereva azime, awashe tena. Alicheka, akafanya. Mbele ya kadi kuna sauti tu, nyuma kuna sentensi. Picha nayo inaingia: nina kadi ya 非常口, mlango wa dharura, niliyoipiga kwenye Coaster pale Mwenge. Herufi zile zimekaa kwenye zile gari miaka yote na hakuna anayezijali.

Ubaya wake upo. Sura yake ni ya kizamani, na mipangilio imejaa maneno yatakayomkimbiza mgeni. Kitufe cha "ngumu" kinapotosha watu: maana yake ni kwamba umekumbuka kwa shida, lakini wenzangu wengi wanakibonyeza wakiwa wamesahau kabisa, halafu wanalalamika kadi haikai. Kuna mwenzangu wa hosteli alipakua fungu lililotengenezwa tayari, maelfu ya maneno, akaliacha kwenye kipimo cha kawaida cha kadi mpya 20 kwa siku. Ikaja wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, hakuifungua. Aliporudi alikuta deni la kadi ambalo hata Hamlipi wa mtaani kwetu angelikimbia. Akaifuta. Mimi nimeshusha kadi mpya ziwe nane, na nimewasha FSRS, kanuni mpya ya kupanga marudio iliyoingizwa Anki mwaka 2023. Marudio yamepungua, naona wazi. Kadi ukiisahau mara nyingi inatiwa alama yenyewe, au inawekwa pembeni kutegemea mipangilio yako, na hapo usiibembeleze, iandike upya kwa sentensi nyingine.

Kitu kingine: haikufundishi kuongea. Kwa JLPT, mtihani wa kimataifa wa kupima Kijapani, inakubeba sana, kwa sababu ule ni wa kuchagua majibu, hauna sehemu ya kuongea wala ya kuandika insha. Ila Sensei akikuuliza jumatatu asubuhi wikiendi ulifanya nini, kadi hazikusaidii. Wala haitakwambia lini useme 〜ておく (kufanya kitu mapema kwa maandalizi) na lini 〜てしまう (kukimaliza kabisa, au kujutia kilichotokea). Hayo ni kalamu nyekundu ya mwalimu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Wenye iPhone poleni: ya kwenu inauzwa dola 24.99, ingawa unalipa mara moja tu. Msiotaka kulipa, fungueni AnkiWeb kwenye kivinjari, ni bure na kadi zako zote zinaonekana humo, isipokuwa hiyo lazima uwe na bando.